Barua ya Kiingereza Niliyoituma Iringa

Vumbi la pumba lilinukia kila kona ya Rujewa msimu ule wa mavuno, na mashine za kukoboa mpunga zilinguruma tangu asubuhi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Shule moja ya bweni ya wasichana huko Iringa ilikuwa na nafasi za ufadhili, na kila mwombaji alitakiwa aandike barua ya Kiingereza kwa mkono wake. Baba, mfugaji aliyehamia bonde letu la Usangu kutoka Shinyanga, hakujua Kiingereza, lakini aliniagiza niwaahidi kwamba nitatimiza matarajio yao. Nikakumbuka sentensi aliyoipenda mwalimu wetu, nikaiandika nilivyoisikia: “I will leave up to your expectations.” Baba akaipeleka posta mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilimwonyesha dada yangu Nkwimba, aliyekuwa kidato cha tatu, nakala ya barua ile. Akaisoma mara mbili, kisha akaniambia taratibu kwamba nilipaswa kuandika live; leave maana yake ni kuacha. Masikioni mwangu maneno hayo mawili yalikuwa neno moja. Baba alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba naenda Iringa, na kila alipotabasamu nilitaka kumwambia, nikashindwa.

Mimi na baba tukaitwa Iringa kwenye usaili. Mkuu wa shule, mama mpole mwenye miwani, aliitikia shikamoo zetu, akaweka barua yangu mezani. Sentensi yangu ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu.

“Hapa umeandika habari ya kuacha. Ndivyo ulivyokusudia?”

“Hapana, mwalimu. Nilikosea, ilitakiwa iwe live. Nilijua baada ya kutuma, ila baba sijamwambia.”

Baba akanigeukia. Akasema, “Sasa nimejua, mwanangu. Iandike vizuri.”

Nikaiandika upya. Nafasi sikuipata, nilisoma sekondari ya kutwa hapo hapo Rujewa, na ni baba aliyezunguka kuwaeleza majirani, bila kunilaumu.

Leo nafundisha Kiingereza Iyunga, Mbeya. Wanafunzi wangu wana simu zinazowasahihisha kabla hawajamaliza kuandika, na makosa kama langu yamepungua. Hofu haijapungua. Juzi binti yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani, nami nikaanza kumweleza ninachotarajia kwake. Nikaona anafuta jibu aliloandika, kisha analiandika tena lile lile. Nikaacha habari ya matarajio, nikavuta kiti, nikakaa naye.