Korongo wa Siku ya Itara

Dada yangu Warigia hajui kunyamaza, na mimi nimemvumilia tangu utotoni. Kabla yake, nani hapa Gitothua alijali ndege? Alipostaafu ualimu akaanza kulinda kile kinamasi cha huko bondeni kama shamba lake la mahindi. Siku moja alilala mbele ya trekta la wachimba udongo, sketi imejaa matope, akimfokea dereva. Woi! Wateja walikuja dukani wakaniuliza, "Huyo mama wa ndege ni wenu?" Nikajifanya napanga sabuni.

Halafu akaandika kitabu cha watoto, cha kwanza cha aina yake mtaani kwetu, kuhusu korongo wenye taji ya dhahabu kichwani. Pale kinamasini walikuwa wamebaki wawili tu, dume na jike. Alieleza wanapolala, wanachokula, na jinsi wasivyoachana maisha yao yote. Hapo nami nikaanza kuringa kidogo.

Mwezi uliopita tulienda Thika kwa itara, siku ile upande wa binti unakwenda kupaona kwao kijana. Binti ni Trizah wangu. Nilimwonya Warigia mapema: "Nakuomba, leo usigombane na mtu. Hawa ni wakwe." Akasema sawa, ingawa hakuwa na raha. Alikuwa amekosa kuwaona korongo wake kwa siku kadhaa.

Tulipokewa kwa nyimbo na vigelegele. Kabla ya chakula, baba wa kijana, Mzee Ephantus, akamwendea Warigia, meno yote nje.

"Mwalimu, kitabu chako tumekisoma nyumba nzima. Njoo uone tulivyokuandalia."

Tukamfuata wote hadi nyuma ya nyumba. Ndani ya uzio wa waya walisimama korongo wawili, wamefungwa utepe mwekundu shingoni. Mabawa yalikuwa yamekatwa.

"Vijana walitaka kuniletea mmoja," mzee akasema. "Nikakataa kabisa! Mwalimu ameandika hawa hawaachani. Nikawaambia warudi palepale kwenye kitabu, wamlete na mwenzake."

Ngai! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawasha. Sheria inakataza, kila mtu anajua, lakini ni nani angeitaja pale, mbuzi wakiwa jikoni? Nikamtazama Trizah. Alikuwa ametukodolea macho, akitikisa kichwa polepole: tafadhali, tafadhali. Basi nikamfinya dada yangu mkono kwa nguvu anyamaze. Nilijionea aibu, na bado sikuuachia.

Wageni walikuwa wakimsubiri mwandishi aseme neno. Warigia akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Machozi yakamshuka.

"Jamani, amefurahi mpaka analia!" mama wa kijana akapaza sauti, na watu wakapiga makofi.

Nikauachia mkono wake, naye akapiga makofi pamoja nao.