Ushauri wa Msusi

Msusi ana vidole vyepesi na mdomo usiotulia, ila binti akimnong'oneza kwamba nguo yake ya ndani inachafuka, yeye naye hushusha sauti. "Ute mweupe usionuka ni kawaida, mwanangu. Ukigeuka rangi, ukanuka au kuwasha, nenda kliniki. Usijioshe ndani kwa sabuni."

Leo mmoja akamwuliza, "Mama, uliyajulia wapi haya?"

Vidole vikasimama. "Mdogo wangu aliniuliza kuhusu ute wake ulioanza kunuka, akiwa na umri kama wako. Nikamwambia ajioshe vizuri na asimwambie mtu. Akanitii."

Ugonjwa ulipanda hadi kwenye kizazi, na mdogo mtu hakujaliwa mtoto. Hajawahi kumlaumu dada yake. Kila Jumapili huja kusukwa, na msusi humsuka taratibu kuliko wateja wote, bila kuthubutu kumtazama kwenye kioo.