Bomba la Bi Mwanakhamis

Wateja walimsifu Bi Mwanakhamis kwa upole wake, na kila walipomsifu, Albina, karani wake, alitamani kuwarushia rola la selotepu. Upole gani? Wangekaa nao wiki moja tu pale ofisini Sanyuanli, huko China, wangekoma!

Ilikuwa ofisi ya kupakia mizigo. Wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Lubumbashi walinunua nguo na viatu, Bi Mwanakhamis akawakusanyia, akajaza kontena, akasafirisha. Zamani mama huyu wa Kizanzibari alikuwa moto. Ukikosea anakutukana wewe, ukoo wako na shule iliyokupasisha, kalkuleta inaruka, jirani Mchina anatoka mlangoni kutazama. Ikifika adhuhuri hasira zimekwisha, anaagiza wali wa kuku, mnakula sinia moja, yameisha. Hakufukuzwa mtu.

Halafu presha ikamwangusha mbele ya lifti. Daktari akamwambia achague, kufoka au kuishi. Akakumbuka alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, kwamba mwenye ghadhabu aende kwenye maji. Tangu hapo akipandwa na hasira alinyamaza, akaenda kwenye sinki la pembeni, akafungua bomba, akatia udhu polepole, akavuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alirudi ametulia kama mtu aliyetoka kulala. Anakuvutia kiti. "Kaa kitako, mwanangu," anasema. Ukikaa tu, kazi huna.

Stéphane alikaa. Kalista alikaa. Sauti laini, mkono begani, dua ya safari njema, kwaheri. Utabishana vipi na mtu anayekuombea dua? Ofisi nzima ilijifunza kulichukia lile bomba, na yeye wakamchukia zaidi.

Albina hakuwa na pa kwenda. Viza yake ilisimama juu ya barua ya ofisi hiyo. Kazi ikitoka, na China imetoka, arudi Mwanza kwa shemeji yake aliyemcheka siku anapanda ndege.

Basi, mwezi wa Aprili, maonyesho ya biashara ya Pazhou yameujaza mji wanunuzi na simu zinalia ovyo, Albina aliacha viatu vya Othman, mteja wa Dar, nje ya jengo. Vilikuwa vimeshushwa punde kutoka soko la Liuhua. Alisema anapanda mara moja tu kuchukua turubai. Huko juu akashikwa na simu, akasahau. Mvua ikashuka, na alipokumbuka makatoni yalikuwa yamegeuka uji.

Alijua kitakachofuata. Kwa woga, na kwa chuki pia, tusifichane, akainama chini ya sinki akaikaza koki mpaka mwisho. Bienfait, Mkongo aliyepima mizigo, alimwona. Alikwenda akalinyanyua dumu la maji ya kunywa, maji pekee yaliyobaki ofisini, akaketi nalo, akalikumbatia.

Othman akaingia amelowa chapachapa. "Bi Mwanakhamis! Viatu vyangu vimekuwa mchuzi huko chini! Nikauze nini Kariakoo, matope?"

Bi Mwanakhamis alisimama. Alimtazama Albina, akabana midomo. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Kimya. Akalizungusha mpaka mwisho, akalipiga kofi.

"Maji yako wapi?"

"Nimefunga mimi," Albina akasema.

"Umefunga?"

"Nifokee, laoban." Ndivyo walivyomwita wote, kama Wachina wanavyomwita bosi. "Nitukane mpaka ushibe. Nitupie hata hiyo kalkuleta. Lakini usinawe."

"Mimi nazuia hasira zangu kwa ajili yenu, we mtoto!"

"Huzizuii. Unazipoza kwanza, ndiyo unatuchinja."

Lo! Kilichotoka hapo kilikuwa kimekaa kifuani mwaka mzima.

"Hayawani mkubwa wee! Mvua yote ile hukuiona? Macho umepewa ya pambo? Baa! Kisirani! Shemeji yako alijua alichokuwa anakicheka!"

Jirani akatoka mlangoni. Kalkuleta ikapita karibu na sikio la Albina, ikapasukia ukutani, na yeye nusura acheke kwa furaha. Tukana, bibi, tukana. Bienfait akaliweka dumu chini, akatabasamu.

"Na sasa hivi unashuka, unavianika viatu mbele ya feni, kimoja kimoja! Na kesho asubuhi unakwenda Liuhua na Othman kumtafutia..."

Kesho! Albina alilisikia neno hilo, machozi yakamtoka.

Lakini Othman naye aliogopa. Viatu vimekwisha, sasa na mtu afe? "Jamani, presha! Mtamuua mama wa watu!" Akachuchumaa chini ya sinki, akaona koki imekazwa, akaifungua.

Bomba lililoachwa wazi likatema maji. Bi Mwanakhamis akakatika katikati ya tusi. Akayatazama. Akapandisha mikono ya baibui, akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso, taratibu, bila haraka yoyote. Othman akatikisa kichwa kwa heshima. Bienfait alitazama sakafu.

Akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akavuta kiti.

"Albina, mwanangu," akasema, sauti laini kabisa. "Kaa kitako."

"Sikai," Albina akasema. "Nifukuze nimesimama."