Mahali pa Kuugulia

Dada yangu alifariki akiwa shule ya bweni, na tangu hapo nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kutaja habari ya kusoma mbali bila kushusha sauti. Alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la tano. Sote wawili tulizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu wengi wanauita sikoseli. Chembe za damu hupinda na kukwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama mwili huuma kana kwamba mtu anakusaga mfupa polepole. Dada alipoanza kulalamika, walidhani anakwepa zamu ya kufagia. Walipokuja kuamini, gari la kumpeleka hospitali halikupatikana mapema. Hayo tulisimuliwa na mwanafunzi mwenzake aliyekuja msibani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwekea chakula.

Kwa hiyo majibu ya udahili yalipotoka, na mimi nikaona nimechaguliwa kusomea udaktari katika vyuo vitatu, sikuruka wala kupiga kelele.  Nilikuwa kwenye duka la kuchapa, hapo kwetu Kharumwa, na mwenye duka ndiye aliyeshangilia kwa niaba yangu. "Daktari! Leo soda unanunua wewe." Nikamnunulia soda. Ya kwangu sikuweza kuimeza.

Tulipewa siku chache tu za kuthibitisha chuo kimoja. Ukinyamaza, vyote vinakupita. Na majibu ya mkopo wa serikali yangetoka baadaye, yaani uchague kwanza ndipo ujue kama utaweza kulipa. Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu, nikiomba nisiwakute wazazi wangu pamoja.

Niliwakuta pamoja. Baba alikuwa ametoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, aliyokuwa akiimiliki pamoja na rafiki yake. Wachimbaji wadogo huleta mawe yao kwa viroba, karasha inayasaga kuwa unga, na kila mtu anaondoka na unga wake akiomba Mungu. Vumbi lile halikumtoka Baba kamwe. Hata akioga, nyusi zake zilibaki za kijivu.

Tulikula kwanza. Kisha nikawaeleza.

Chuo cha kwanza kilikuwa Mbeya. Ni cha serikali, ada yake nafuu, na mama yangu mdogo ameolewa huko; ningelala na kula kwake bure. Cha pili kilikuwa Mwanza. Hicho ni cha binafsi na ada yake inatisha, lakini kliniki ya Mwanza inanijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kutoka nyumbani unafika kabla jua halijazama. Cha tatu kilikuwa Dar es Salaam. Cha serikali, ada nafuu, joto mwaka mzima, na hospitali zenye wataalamu wa ugonjwa wangu. Ila Dar hatukuwa na mtu hata mmoja, na maisha ya kule ni ghali.

"Mbeya kuna baridi kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Mdogo wako anasema mwezi wa sita wanaota moto wa mkaa ndani ya nyumba," Baba akamjibu.

 Sote tulijua baridi inavyonifanya. Maji ya kuoga yakipoa kidogo tu, vidole vinaanza kuuma. Mbeya ikafa palepale, pamoja na chumba cha bure na ubwabwa wa mama mdogo.

"Mwanza," Baba akasema. "Hapo hakuna mjadala."

"Na ada, Baba?"

"Ada ni shughuli yangu. Wewe kazi yako kusoma na kunywa maji."

Nilipaswa kushusha pumzi. Lakini siku mbili tatu baadaye nilimpelekea Baba chakula, nikawakuta wanaume wawili nisiowajua wakiizunguka karasha. Mmoja alikuwa amechuchumaa anakagua mota, mwingine anagongagonga ngoma yake ya kusagia kwa jiwe na kutega sikio, kama mnunuzi wa ng'ombe anayempapasa mnyama mbavu. Rafiki yake Baba alikaa pembeni, ameinamisha kichwa.

"Unaiuza?" nilimuuliza walipoondoka.

"Sehemu yangu tu."

"Baba, ukishaiuza tutakula nini?"

"Ni chuma hiki," akasema, akiipiga kofi kama anaichapa. "Chuma kinanunuliwa tena. Mtoto wa kwanza sikuwa na cha kuuza. Safari hii ninacho."

Kuanzia hapo nikawa natishwa na pande zote. Nikienda Mwanza, naifilisi nyumba. Na ada ya mwaka wa kwanza ikilipwa, ya mwaka wa pili itatoka wapi? Nikienda Dar, nitaugua kwenye bweni lenye watu wasionijua, nami nilishajua jambo kama hilo linaishaje. Kulikuwa na hofu nyingine pia ambayo sikumwambia mtu. Daktari hukesha. Husimama saa nyingi, husahau kunywa maji, hula akipata nafasi. Vyote hivyo ndivyo nilivyokatazwa tangu nikiwa mdogo. Huenda hakukuwa na chuo chochote kilichonifaa. Huenda kazi yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nikikaa nyuma ya nyumba, simu mkononi, naufungua ukurasa wa kuthibitisha, nautazama, naufunga.

Mvua ya kwanza ilinikuta barabarani. Nilikuwa narudi kutoka dukani kwa bodaboda, anga likageuka ghafla, na kabla dereva hajapata mahali pa kujibanza tulikuwa tumelowa chapachapa. Upepo ulinipiga kifuani. Nilipofika nyumbani Mama alinivua shati, akanifunika mablanketi, akanipa uji wa moto. Tulijua sote tunachokisubiri.

Kesho yake asubuhi kikafika. Kilianzia kwenye mapaja, kikapanda kiunoni, kikakaa kwenye mgongo. Sitaki kuyapamba maumivu yale. Nitasema tu kwamba nilisikia mtu analia kama mbuzi, nikachelewa kutambua kuwa ni mimi.

"Mayoo!" Mama alipiga yowe, na majirani wakaja.

Baba alikodi gari. Tulikusudia kufika hospitali kubwa, lakini njiani nilianza kupumua kwa shida, tukaingia kituo cha afya kilichokuwa karibu. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni pale, na alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Alinitazama nilivyojikunja kwenye benchi, kijana mrefu ninayelia bila jeraha, bila homa ya kutisha.

"Ameanza lini kutumia sindano za maumivu?" alimuuliza Mama.

"Ana sikoseli, mwanangu. Kadi yake imebaki nyumbani."

"Wengi wanasema hivyo. Wanazizoea zile dawa. Mpeni panadoli, asubiri mganga arudi."

Mama alikuwa amenishika mkono. Nilihisi vidole vyake vinalegea ndani ya vyangu. Nikamtazama usoni, nikaona hayuko pale tena. Yuko kwenye lile bweni.  Wazazi wangu wote wawili walikuwa pembeni yangu, nyumbani hapako mbali, na jambo lilelile lilikuwa linatokea mbele ya macho yao.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nadhani hofu hiyo ndiyo iliyonifungua kinywa.

"Dada," nikamwita muuguzi. Nilikuwa nasema neno moja, navuta pumzi, nasema jingine. "Nina selimundu. Tazama macho yangu, yana njano. Nipime oksijeni kwenye kidole. Nipime wingi wa damu. Ikiwa ninadanganya, kipimo kitakuambia. Halafu nipe maji ya mshipani. Tafadhali. Kifua kimeanza kubana, na kifua ndicho kinachoua."

Alisita. Kisha akainama, akanivuta chini kope ya jicho moja, akalitazama vizuri. Akaenda kuchukua kifaa, akanibana kidoleni, akasoma. Uso wake ukabadilika. Alikimbia kuleta mtungi wa oksijeni, akanitafuta mshipa, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Gari lilipofika alinisindikiza mpaka mlangoni. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema. Sikuwa na kinyongo naye. Aliniogopesha, kisha akanihudumia.

Nililazwa hospitali kubwa. Kifua kilipolegea, nilimkuta Mama ameketi kando ya kitanda, amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba.

"Ng'wanone," aliniita kwa Kisukuma, mwanangu. "Nilifikiri nikikaa karibu nawe, halitatokea. Na juzi nilikuwa nimekushika mkono."

"Mama, halikutokea. Niko hapa."

"Upo kwa sababu ulisema. Mimi nilikuwa nimekwisha." Akapangusa uso. "Dada yako alikuwa mtoto. Hakuwa na maneno ya kuwaambia wakubwa. Wewe unayo."

 Kwenye kitanda cha pili mtoto alikuwa anakataa dawa, mama yake anambembeleza.

"Kile chuo cha Dar," akasema hatimaye. "Kuna joto kweli?"

"Kweli."

"Na wataalamu wapo?"

"Wapo, Mama."

"Basi mwambie baba yako mwenyewe. Mimi nikimwambia nitalia, naye akiniona nalia ataiuza ile mashine leoleo."

Nilimwambia Baba alipokuja na chupa ya uji. Alikasirika, kama nilivyotarajia.

"Dar tuna nani?"

"Hatuna mtu."

"Ukiugua huko utamwita nani?"

"Nitamwita yeyote aliyepo, Baba. Kama juzi."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyusi zake zilikuwa zilezile za kijivu. "Mimi sina ubavu wa kuzika mwingine," akasema polepole. Sikuweza kumwahidi. Nikamwonyesha simu. Nikamweleza: nikibonyeza hapa kabla muda haujaisha, nimechagua Dar, nawe karasha yako inabaki, utanitumia kidogokidogo ya chakula wakati tukiusubiri mkopo. Alisogea, akashika simu pamoja nami, na akageuza uso upande wa dirisha nilipobonyeza. Kidole changu kilikuwa na plasta ya mahali pa dripu. Ilibidi nibonyeze mara mbili.

Mkopo ulikuja, si wote, lakini ulitosha kuanzia. Siku ya kuondoka nilipanda basi Kahama alfajiri, na njia nzima nilikunywa maji na kuomba tusimame ili nikajisaidie, mpaka kondakta akaanza kuninunia. Wiki za kwanza chuoni nililala nimevaa soksi kwenye joto lile la Dar. Usingizi wangu ulikuwa wa sungura. Kidole kikigongwa na ukingo wa kitanda, nilikaa kitako nikisikiliza: je, maumivu yanaondoka, au yanajenga? Niliwaficha wenzangu wa chumba. Niliwaambia vidonge vyangu ni vitamini. Nilikuwa nimemwambia Baba kwamba nitamwita yeyote aliyepo, na nilipofika mahali pa kusema, nikanyamaza. Niliogopa kuwa mgonjwa miongoni mwa madaktari.

Muhula wa kwanza haujaisha, mhadhiri wa magonjwa ya damu akaingia na somo la selimundu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Akaonyesha ukutani picha ya chembe zilizopinda, za rangi ya waridi, nzuri kutazama. Akaeleza kinachotokea kwenye wengu, kwenye figo, kwenye ubongo. Nilikuwa nayafahamu ya mapaja na kifua; ya ubongo sikuyafahamu hivyo. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kufundishia kwamba zamani wengi wenye ugonjwa huu hawakufika utu uzima. Watu mia na zaidi wakainama kuandika. Mimi kalamu ilikuwa mkononi, mkono haukwenda. Jasho lilinitoka kwapani likashuka mpaka mkandani. Nilitaka kutoka, nikaona nikisimama wote watanitazama, nikabaki.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi, alinigusa kiwiko tulipotoka nje. "Mbona umepauka hivyo? Umeumwa?"

Ningeweza kusema ni njaa.

"Yule aliyekuwa anasemwa mle ndani," nikamwambia, "ni mimi."

Alidhani ni utani, akaanza kucheka, kisha akaona sicheki. Kicheko kikamkauka. Alisimama pale ngazini wanafunzi wakitupita huku na huku, akiniangalia machoni, na nikajua anatafuta ile njano tuliyoisoma muda mfupi uliopita.

"Na vile vidonge ndivyo vya ugonjwa huo?"

"Ndivyo vile."

"Kumbe unalala chini yangu muhula mzima hujasema." Sauti yake ilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilisikia woga kama wangu. "Ungeanguka ningefanya nini mimi? Ningekumwagia maji usoni!"

Sasa niko mwaka wa tatu. Nimelazwa mara kadhaa tangu siku ile, na hofu haijaniacha. Nikiingia wodi ya watoto na kuona kadi yenye jina la ugonjwa wetu, husimama mlangoni kwanza ndipo nasogea kitandani. Lakini jioni ya siku ile ya somo tulirudi chumbani, yule wa Tanga akawaita wenzetu wengine wawili, akafunga mlango, akakaa sakafuni.

"Haya," akasema. "Tufundishe. Ukianza, tunafanya nini kwanza?"

Nikawafundisha. Ilinichukua muda kuanza, nao wakasubiri.