Gunia Chini ya Lami

Siku yangu ya kwanza gereji, hapo Baba Dogo, Foromani, msimamizi wetu, alinipa patasi butu akaniambia niingie chini ya gari. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini swali nilikuwa nalo: mbona butu? "Kali hula chuma," akasema. "Wewe kula lami pekee."

Lami hiyo ni ile rangi nzito nyeusi inayopakwa tumboni mwa gari kuzuia kutu. Ikizeeka hupasuka, maji yakaingia yakakaa, chuma kikaoza huku kwa nje unaona weusi mzuri tu. Kuitoa, unaipasha kwa upepo wa moto, si kwa gesi ya kuchomelea. Gesi itakula gari na nyusi zako. Ikilainika kama sukari guru, kwangua. Ikipoa, futa mabaki kwa mafuta ya taa. Anayekwambia iko njia ya mkato ni mwongo.

Gari la mwisho nililokwangua lilikuwa Peugeot 404 ya Mama Mutheu wa Lucky Summer, mjane. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wakimsumbua, naye alitaka kujua jambo moja: limeoza au bado? Likiwa limeoza, liende.

Boriti za chini zilikuwa nzima. Lakini mbele, upande wa abiria, patasi ilivuta nyuzi. Chuma hakina nyuzi. Nikavuta tena: gunia la mahindi, limelowekwa lami, limeziba tundu la kupitisha miguu yote miwili. Mafundi wa zamani tuliliita bati la kushona. Ukiwekewa hilo, unaonywa: hapo asikanyage mtu.

Nikamwita mama aone. Aliinama akatazama.

"Miaka yote marehemu mume wangu alinikalisha nyuma," akasema. "Eti bosi hukaa nyuma. Mimi nikajua anaona aibu kuonekana na mimi."

"Alikuwa anaona tundu, mama."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Si angesema tu, mwanaume huyu."

Nikamweleza boriti zinabeba, sakafu inachomelewa bati jipya. Vyuma vikuukuu hakuvitaja tena.

"Weka bati zito, fundi. Kijana wangu ataendesha, mimi nakaa mbele."

Nimestaafu sasa. Vijana wote mnapenda kupaka. Mimi nimejenga nyumba kwa kukwangua, na hakuna gari lililowahi kuniambia mapema limeficha nini. Hata leo nikipita kando ya gari kuukuu nainama kidogo, nichungulie. Majirani hudhani ni mgongo.