Kifua cha Mutale mbele ya Muganga

Mutale anasaga mahindi kwenye mashine moja huko Naviundu, mwaka wa kumi na tisa huu. Jioni nyusi zake zinakuwa nyeupe kwa unga, na wamama wenye mabeseni wanamtania kama babu mwenye mvi: "Kambo, bajukulu habayambo?" Anacheka kidogo, anaangalia chini. Ni mtu wa haya.

Kikohozi kilimshika kwenye baridi ya mwaka juzi, hakikumwacha tena. Kila asubuhi anashika ukuta akitoa makohozi mazito. Mwisho Gauthier, mwenye mashine, alimwambia: "Kazi ya mizani iko, pale inje, hakuna vumbi. Lakini bote banaitaka. Lete karatasi ya muganga yenye kusema kifua yako iko mubaya, nakuweka pale."

Mutale akaenda kituo cha afya. Akiwa kwenye foleni alisikia makohozi yanapanda kifuani. Kwao mtu hamkoholei mkubwa usoni, wala hampelekei uchafu wake. Akapita nyuma ya choo, akakohoa kwa nguvu zake zote mpaka machozi yakatoka na makohozi yote yakamwagika. Akafukia kwa kisigino, akanawa mdomo. Sasa alikuwa safi, tayari kupimwa.

Muganga Simone alimwambia avue shati. "Fungula mudomo, baba. Vuta mupepo. Achia. Tena."

Chuma baridi kilitembea mgongoni, juu, chini, mbavuni. Kisha vidole vikamgonga kama mtu anayegonga pipa kujua mafuta yamefika wapi.

"Kohola kiloko."

Mutale akakohoa kidogo, kwa adabu, kiganja mdomoni. Kikavu.

"Mi nilizania nitasikia makohozi inakoroma. Hapana. Mupepo inapita muzuri. Makohozi inatokaka kweli?"

Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima imetega masikio. Aeleze mambo ya nyuma ya choo kwa mwanamke mwenye umri wa binti yake?

"Kiloko tu, mama."

Simone akamwangalia. "Bengine banakuyaka hapa kutafuta karatasi tu. Miye naandika kile nilisikia." Akaandika, akapiga muhuri.

Mutale hakufika hata kwenye daraja la njiani. Kifua kilijaa upya, kikaanza kukoroma, na Mutale akakisikia mwenyewe bila chombo chochote. Akarudi mbio mpaka mlangoni kwa muganga.

"We baba!" mama mmoja akapaza sauti. "Si balikupima sasa hivi? Kamata mustari kule nyuma!"

Watu wote wakamgeukia. Alisimama kidogo, akimeza kikohozi, halafu akaondoka.

Gauthier alisoma karatasi, uso ukamfunguka. "Kifua muzima! Mungu iko, Mutale!" Akampiga bega kwa furaha ya kweli, kisha akamwita Michée, aliyesaga ndani pamoja na Mutale, aje kukaa kwenye mizani.

"Aksanti, patron," Mutale akasema. Akafunga kitambaa puani, akaingia ndani.