Soksi ya Mguu wa Kushoto

Mama Nyuzi hakujua kukaa bure. Hata msibani alikwenda na sindano zake za kufumia, na nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa masweta yake shuleni. Mumewe, fundi rangi, alimtania kwamba siku ya kufa ataomba kwanza amalizie kola.

Kumbe wa kuanguka alikuwa yeye fundi rangi. Ngazi iliteleza, nyonga ikavunjika, madaktari wakampasua na kumtia vyuma. Watu wakashusha pumzi. Kesho yake akaanza kulalamika.

"Mke wangu, mguu huu wa kushoto una baridi. Unauma, halafu kama si wangu."

Baridi tena? Hiyo ndiyo kazi aliyoijua Mama Nyuzi. Alikaa kando ya kitanda akafuma soksi nene ya sufu nyekundu, ndefu hadi gotini, akamvisha mwenyewe. Mgonjwa akaringa nayo wodi nzima. Nesi alipokuja kuutazama mguu, Mama Nyuzi akamzuia kwa upole.

"Mwache kwanza, mwanangu. Ndiyo anaanza kupata joto."

"Haya mama, nitarudi," nesi akasema, mara akaitwa kwa mgonjwa aliyezidiwa.

Jioni mguu ukaacha kuuma. Mama Nyuzi akafurahi, maskini, akaanza soksi ya pili.

Asubuhi daktari aliivua ile ya kwanza. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Akaeleza kwamba mshipa mkubwa wa damu uliziba baada ya upasuaji, damu ikawa haishuki, na maumivu yaliisha kwa sababu mguu ulikuwa umeshakufa ganzi.

"Tungeuona jana, tungejaribu kuuzibua," alisema. "Sasa ni kukata, juu ya goti."

Hakumlaumu mtu. Mama Nyuzi angeona afadhali alaumiwe.

Mguu ukakatwa, na ngazi ndiyo basi tena. Fundi rangi alipopata nguvu kidogo, aliiona soksi ya pili mkobani, imebaki vidole tu. Alijua mkewe anavyojitafuna moyo. Akautoa nje ya shuka mguu uliobaki.

"Imalizie basi, nivae. Huu nao unapata baridi."

Mama Nyuzi akaushika mguu ule, akagusa kidole kimoja kimoja. Kisha akalikunja shuka, mguu ukabaki wazi.

"Acha upate baridi, mume wangu," alisema. "Niuone."